Mume Aliyeshiba Kwingine

Kanga zinatudanganya. Kuna ile iliyoandikwa kwamba wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na wanawake wa Mbagala wamejifunga maneno hayo viunoni miaka nenda rudi bila hata mmoja kuuliza ushahidi. Bernadeta alishiriki. Alishiriki asubuhi akikanda unga wa chapati za kuuza, akashiriki mchana akipepea mkaa, akashiriki usiku mumewe akiwa ameugeukia ukuta, na hakukonda hata kidogo. Aliyekonda alikuwa mumewe, na shida yote ilianzia hapo.

Anselmo, fundi seremala wa Keko, mtu wa Masasi, alikuwa na kitambi cha heshima ambacho Bernadeta alikihesabu kuwa kazi ya mikono yake mwenyewe. Kilijengwa kwa chapati, wali wa nazi, samaki wa kupaka na chai ya maziwa iliyokolea sukari, tangu siku ile walipotoka kanisani kufunga ndoa, Anselmo akiwa mwembamba kama ufito. Mashoga zake walipomwona Anselmo siku ya Jumapili, shati limebana vifungo, walikuwa wakisema, "Mama Noela, mumeo umemtunza," naye hujifanya hasikii ili warudie. Sasa kitambi kile kilikuwa kinayeyuka. Mkanda wa suruali ulitobolewa tundu kwa msumari, kisha tundu jingine. Jioni Anselmo hakuwa akija tena moja kwa moja nyumbani. Alikuwa anashuka daladala Zakhem na kutembea kwa miguu mpaka kwao Charambe, eti ananyoosha viungo. Na akifika, akiwekewa chakula, anamega kidogo kisha anaisukuma sahani.

"Nimeshiba, mke wangu."

Jamani, kuna maneno ambayo mwanamume mwenye akili hamwambii mkewe, na hilo ni la kwanza. Kwao Bernadeta, na hata hapo Mbagala ukiuliza nyumba yoyote, mwanamume anayekataa chakula cha mkewe kashiba kwingine, na huko kwingine hapagawiwi chakula peke yake. Bernadeta alifundwa hivyo na somo yake kabla hajaolewa, na yeye akamfunda hivyo binti yake Noela kabla hajamwoza Morogoro. Mwanangu, alimwambia, ukitaka kujua mumeo yuko wapi, angalia sahani yake.

Tena kulikuwa na lile la kitandani. Sitalieleza sana kwa kuwa wengine mnasoma na watoto pembeni. Inatosha kusema kwamba Bernadeta akimgusa mumewe bega, alikuwa anajibiwa kwamba mbao za mninga ni nzito na mwili umechoka. Kana kwamba mninga ulianza uzito mwaka huu. Bernadeta alilala macho, akamsikiliza mumewe akijifanya anakoroma, na roho ikamuuma vibaya sana.

Habari kamili ililetwa na Salma, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, ambaye huwauzia mafundi wa Keko vitambaa vya makochi.

"Shoga, mie si mtu wa maneno," Salma alianza, na Bernadeta akajua maneno yanakuja. "Ila pale karibu na karakana ya mumeo kuna mama kafungua banda la chakula. Mhaya, anaitwa Jovina. Alikuwaga anampikia bibi mmoja wa Kitaliano kule Msasani. Bibi karudi kwao, sasa yeye anawapikia mafundi. Chakula cha Kitaliano, hapo hapo kwenye vumbi la mbao."

"Chakula gani hicho?"

"Tambi. Wanazigombania utadhani za bure. Na mumeo ana kiti chake kabisa."

"Kiti chake?"

"Chake. Kakitengeneza mwenyewe, kina mahali pa kuegemea."

Bernadeta aliweka chini kisukumio cha chapati. Kitanda wanacholalia yeye na Anselmo kilikuwa na mguu mmoja uliochomekewa kipande cha tofali tangu Noela akiwa darasa la sita. Kila alipoambiwa, fundi alisema atautengeneza Jumamosi.

"Yukoje huyo Jovina?" aliuliza. Swali hilo mwanamke huliuliza kwa sauti ya chini.

"Mwembamba. Umri wetu huu huu, au katuzidi, lakini ukimwona kwa nyuma utamwita binti. Na anakula, shoga. Anakaa mbele za watu, anakula tambi zake na mkate juu, na wala hanenepi."

Maneno hayo ya mwisho yalimchoma Bernadeta kuliko habari ya kiti. Kumchukua mume wa mtu ni dhambi inayojulikana, ina mpaka namba yake kwenye amri za Mungu. Lakini kula tambi na mkate na kubaki na kiuno, hilo aliliona ni ujeuri. Yeye alikuwa ananenepa kwa kunusa. Aliachaga chai ya jioni Kwaresima nzima na sketi ya kwaya bado ikagoma kufunga zipu. Leo anatokea mtu wa kuja, anakula vya wazungu adhuhuri kweupe, na mwili unamtii.

Jumapili iliyofuata, alfajiri, Bernadeta alijiunga na joging. Mnaijua joging ya Temeke: watu wamevaa fulana za rangi moja, mbele kuna kijana na filimbi, nyuma kuna mwimbishaji, na barabara nzima ni yao mpaka jua litoke. Bernadeta alipewa fulana ya njano iliyomkaa kama foronya ya mto. Alianza vizuri. Aliimba kuliko wote, maana sauti anayo. Walipofika kwenye kona ya msikiti mguu ukagoma, akatembea. Walipofika sokoni akakaa juu ya gunia la mkaa la mtu asiyemjua, akaomba maji. Kikosi kiliporudi kilimchukua hapo hapo kwenye gunia, wakaenda wote kwa muuza supu kama ilivyo desturi ya joging zote, na kwa kuwa alikuwa amefanya mazoezi, mwili ulidai. Alikula supu ya mbuzi na chapati mbili, akarudi nyumbani na uzito ule ule aliotoka nao, pengine na nyongeza.

Wiki hiyo hiyo akaenda Keko kuona kwa macho yake. Alijifunga kilemba chini mpaka nyusi, akasimama ng'ambo ya barabara panapouzwa vitanda na makabati, akajifanya mteja. Kulikuwa na kabati lenye kioo kirefu mlangoni. Bernadeta alilisogelea, akaugeuza mlango polepole, mpaka banda la Jovina likaingia lote kwenye kioo.

Salma hakuwa ametia chumvi. Jovina alikuwa amesimama wima nyuma ya sufuria, aproni nyeupe, mikono mirefu, shingo ya mtu asiyejua mzigo. Mafundi walikuwa wamekaa kwenye mabenchi bila haraka yoyote, wanapiga soga, wakati kwa mama ntilie wengine mtu hula ameinama na kuondoka akitafuna. Anselmo alikuwa kwenye kiti chake. Mvuke ulipanda kutoka kwenye sahani yake. Alikuwa anazungusha tambi kwa uma, kidogo kidogo, anaweka uma chini, anaongea, anauchukua tena. Nyumbani alikuwaga akila anamaliza kabla Bernadeta hajakaa. Sasa alisema neno fulani, na Jovina akacheka akarudisha kichwa nyuma.

Pengine Bernadeta angevumilia mpaka hapo. Lakini Anselmo alipomaliza, Jovina alivua aproni, wakatoka wawili. Walitembea bega kwa bega, polepole, katikati ya vitanda visivyo na magodoro na makochi yaliyofunikwa nailoni, mpaka mwisho wa safu, wakageuka, wakarudi, wakaenda tena. Wanaongea tu. Mtu asiyewajua angesema ni wachumba waliokuja kuchagua vyombo vya ndani. Bernadeta hakukumbuka lini mumewe alitembea naye namna hiyo. Wakienda kanisani Anselmo hutangulia mbele na kusimama kila kona kumngojea, amekunja uso.

"Mama, kabati umelipenda?" muuzaji alimuuliza.

"Lina wadudu," Bernadeta alijibu, akaondoka.

Njiani alipita dukani akanunua tambi. Kwa hasira aliyokuwa nayo aliona njia yake wazi kabisa. Kama ishu ni tambi, basi Jovina kachagua uwanja wa nyumbani kwa mtu. Bernadeta alipika tambi kabla ya kuota maziwa. Kila Krismasi sinia lake ndilo linalotangulia kwisha, na Salma, Mwislamu wa kuzaliwa, hujaga kuazima mkono wake wa kupika tambi sikukuu ya Idi. Unazikaanga mpaka ziwe rangi ya dhahabu, unamimina tui zito, unatia iliki na zabibu, unatia sukari, unaonja, unaongeza sukari. Kutoka ng'ambo ya barabara aliona tambi. Kilichochanganywa nazo hakukiona wala hakudhani kuna haja ya kukiona. Hakuwahi kusikia maishani mwake kwamba kuna mtu anazila tambi kwa chumvi na maharage.

Jioni Anselmo aliingia, akanawa, akakaa. Bernadeta aliweka sahani mbele yake. Zilikuwa zinang'aa, na harufu ya iliki ilikuwa imejaa mpaka kibarazani kwa Salma.

"Umepika tambi," Anselmo alisema.

"Si ndizo unazozipenda siku hizi?"

Alimwangalia mkewe. Akaelewa kwamba anajua, ila hakujua anajua nini. Bernadeta naye alikuwa amesimama, mikono kiunoni, na ndani ana hofu. Maana msimwone hivi mkadhani ni jeuri tu. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini kasoro, mwanawe ameshaolewa, na kitu pekee alichokuwa amebakiwa nacho ambacho hakutaka kugawana na mtu ni mtu huyu mmoja aliyekaa hapo.

"Mama Noela, leo nime..."

"Umeshiba. Sema umeshibia wapi."

Anselmo aligusa ukingo wa sahani.

"Baba Noela, mie sikuulizi maswali. Kama huna mtu, kula. Ukiacha hata kijiko kimoja, nitajua."

Aliitazama ile sahani kwa muda mrefu. Kisha akachukua kijiko akala, mpaka mwisho, mpaka tui lililobaki pembeni, na alipomaliza alimwonyesha sahani tupu. Bernadeta aliipokea, akaenda nayo jikoni, na huko akalia kidogo kwa furaha.

Basi akawa mshindi. Jioni baada ya jioni aliweka tambi, na zikipumzika tambi aliweka mkate wa kumimina na chai iliyokolea, na Anselmo alikula kila kitu. Hakusema tena ameshiba. Bernadeta alimwambia Salma kwamba Mtaliano kashindwa kwa mabao mengi. Ila wivu ukishazoea nyumba hauondoki kwa kuonyeshwa sahani tupu, na punde akaona jambo jingine. Anselmo alikuwa akimaliza tu kula anavaa raba, anatoka. Anasema anapunga upepo. Anarudi shati limelowa, anakunywa maji jagi zima, anaanguka kitandani akigeukia ukuta kama kawaida.

Jioni moja Bernadeta alijitanda kanga akamfuata. Anselmo alipita kanisani, akapita kisimani, akaingia uwanja wa mpira wa shule ya msingi, giza lilikuwa halijafunga vizuri. Bernadeta alijibanza nyuma ya choo cha shule, akasubiri Jovina atokee. Hakutokea mtu. Anselmo aliuzunguka uwanja. Akauzunguka tena. Alikuwa anakwenda upesi, anakata mikono, anahema, kama anayefukuzwa na mtu asiyeonekana. Alisimama kwenye mlingoti wa goli, akaushika kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, kisha akaondoka tena kuzunguka. Bernadeta alimtazama mpaka mbu wakamshinda. Mke mwingine angetoka pale akamuuliza, mume wangu una nini. Yeye alirudi nyumbani akiwa ameshapata jibu: anautengeneza mwili. Anakula vya mke jioni ili nyumba itulie, halafu anavimalizia uwanjani ili abaki vile anavyotakiwa huko Keko. Kesho yake akaongeza sukari.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, mchana, Stephano alipiga simu. Stephano ni fundi mwenzake Anselmo, mtu asiyepigaga simu.

"Shemeji, njoo hospitali. Fundi kaanguka."

Bernadeta hakumbuki alifikaje. Anachokumbuka ni ukumbi wa hospitali, benchi refu, na mwanamke mwembamba mwenye aproni nyeupe yenye madoa ya nyanya amekaa peke yake, na mapajani mwake amepakata viatu vya Anselmo. Vile vyeusi vya kamba, alivyovichagua Bernadeta mwenyewe kwa ajili ya harusi ya Noela, ambavyo sasa Anselmo alikuwa ameviteremsha kuwa vya kazini.

"Pole sana, mama Noela," Jovina alisema, akainuka.

"Naomba viatu vya mume wangu."

Jovina alimpa. Bernadeta aliviangalia kama vimepungua kitu.

"Amezinduka," Jovina alisema. "Wamemtundikia maji. Sukari ilikuwa juu sana, mpaka mashine ikashindwa kusoma. Daktari anasema afadhali tumemuwahi."

"Sukari ya nani?"

Jovina alikaa chini tena, polepole. "Ina maana mpaka leo hajakuambia."

"Kuniambia nini?"

"Mama Noela, kaa."

Bernadeta hakukaa. Jovina akamweleza akiwa amesimama vile vile. Mwaka jana, banda likiwa jipya, Anselmo alidondoka mbele ya sufuria yake, na yeye ndiye aliyempeleka kupima. Alimwambia siku hiyo hiyo, fundi, nenda kamwambie mkeo. Akamwapia atamwambia Pasaka. Pasaka ikapita, akasema basi Krismasi.

"Sinyora wangu naye alikuwa na sukari," Jovina alisema. "Yule bibi niliyekuwaga nampikia. Na alikula tambi mpaka anaondoka, na ngazi alikuwa anapanda mwenyewe. Siri yenyewe ndogo. Tambi kiasi cha ngumi, usiziivishe mpaka zikalegea, zilizobaki zote ziwe maharage, mchicha na nyanya. Kula taratibu, ongea na watu, ukimaliza tembea. Ndivyo walivyo kwao, kula kwao ni nusu, kukaa na kutembea ni nusu. Fundi alikuwa anaendelea vizuri, sukari imeshuka, kapungua. Mwezi huu ndo sijui kimeingia nini. Nyumbani anakula nini?"

"Tambi," Bernadeta alisema.

"Za nini?"

"Za nazi."

Jovina hakuuliza lililobaki. Aliangalia tu sakafu, na Bernadeta akaangalia viatu, na muuguzi akapita katikati yao akisukuma kitanda kitupu.

Ungetegemea moyo utulie. Mume hakuwa na mwanamke, alikuwa na maradhi, tena aliyekuwa akipikiwa na Jovina ni mgonjwa wala si mpenzi. Bernadeta aliusubiri utulivu huo pale ukumbini na haukuja. Hofu ilimshika, ndiyo, na aibu ikamwaka usoni, ila chini ya vyote viwili wivu ulikuwa umekaa pale pale, tena sasa umenenepa. Mwaka mzima. Siku zote zile, Anselmo alipokuwa ameugeukia ukuta, kulikuwa na mwanamke mmoja duniani aliyejua kwamba fundi Anselmo anaogopa kufa, na mwanamke huyo hakuwa yeye. Bora angelala naye, Bernadeta aliwaza. Alishtuka kwamba amewaza hivyo, na bado hakulifuta.

Alipoingia wodini, Anselmo alikuwa amelala chali, mpira wa dripu mkononi, midomo imekauka. Kitandani mle bila kitambi alionekana mfupi. Bernadeta aliweka viatu chini ya kitanda, akavuta stuli.

"Ulikuwa unajua," alisema. "Kila sahani niliyokuwekea, ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Sasa kwa nini ulikuwa unakula?"

"Ulisema nikiacha kijiko utajua nina mtu." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Na mie sina mtu. Ningekuonyeshaje? Nikasema nitakula, halafu nitazunguka uwanja mpaka iishe."

Bernadeta alifunika mdomo kwa kanga. Alikumbuka mikono iliyoshika mlingoti wa goli, na jinsi alivyokuwa amesimama nyuma ya choo akimtafuta Jovina.

"Si ungesema unaumwa, baba Noela. Mie si mkeo?"

Anselmo aligeuzia uso ukutani. "Kwenye msiba wa kaka Valerian," alisema. "Nyie mlikuwa jikoni mnamenya viazi, mie nilikuwa nje ya dirisha napasua kuni. Ulisema mwanamume akishaingiwa na sukari, mkewe kapata kaka. Wote mkacheka."

Bernadeta alikumbuka. Tena alikumbuka vizuri, kwa sababu siku ile hakuna aliyechekesha kumzidi, na wanawake waliurudia ule mzaha mpaka arobaini. Marehemu Valerian, kaka yake Anselmo, alikuwa amekatwa mguu kwanza kwa ajili ya sukari, kisha akafa. Mjane wake alikuwa amekaa chumba cha pili.

"Nikaona na mie siku moja nitachekwa," Anselmo alisema. "Na ni kweli, mke wangu. Lile ulilosema ni kweli. Si unaona mwenyewe tunavyolala."

Machozi yalimtoka Bernadeta na hakuyafuta. Alitaka kuomba msamaha, na maneno yalikuwa yameshafika kooni. Yaliyotoka yalikuwa mengine.

"Yeye ulimwambia. Kwake hukuona aibu."

"Jovina si mke wangu. Hata akinicheka, nalala."

Kwenye kitanda cha jirani mtu alikuwa anakohoa. Bernadeta aliona kwamba mumewe anamwangalia kwa namna ambayo hajamwangalia siku nyingi, bila kukwepa.

"Mama Noela. Kuna kitu kingine."

Alisukuma shuka kwa mguu wa kushoto, taratibu, mpaka unyayo ukatokea. Kwenye kidole gumba, upande wa ndani, palikuwa na tundu la msumari, pembeni pameanza kuwa peusi.

"Nilikanyaga wiki iliyopita karakanani. Sikusikia, mke wangu. Nimejua nilipovua soksi nikaona damu. Mpaka sasa hivi ukikigusa, sisikii."

Bernadeta aliangalia kile kidole. Ya Valerian ilianzia kidoleni, hakuna asiyejua katika ukoo ule.

"Madaktari umewaonyesha?"

"Bado. Naogopa."

"Na Jovina?" aliuliza, na sauti yake mwenyewe ikamtisha. "Jovina anajua?"

"Hapana. Hajui mtu. Wewe ndo wa kwanza."

Mungu atamsamehe au hatamsamehe, hilo ni lao wawili. Mimi nasema lililokuwepo. Pale kwenye stuli ya wodi, mbele ya kidole kinachokufa, Bernadeta alisikia furaha. Ilimpanda mwili mzima, ya moto, akaionea haya na hakuiachia. Akaupakata ule mguu mapajani, akaufunika kwa upande wa kanga. Alijua kabisa kwamba inabidi amwite nesi. Akakaa nao kidogo, peke yake, kabla hajamwita.